Uzi: A Knight's Tale inadanganya historia mchana kweupe, na ndiyo sababu naipenda

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kuna filamu ambazo mtu huzipenda huku akiogopa kuulizwa sababu. Yangu ni A Knight's Tale ya mwaka 2001, iliyoandikwa na kuongozwa na Brian Helgeland, ambamo marehemu Heath Ledger anaigiza kijana maskini anayejipenyeza katika mashindano ya wakabaila. Kila filamu hii inapotajwa hakosekani mtu wa kuorodhesha makosa yake ya kihistoria, na orodha hiyo huwa ya kweli karibu yote. Sina nia ya kuipinga. Tena nitaiongezea mimi mwenyewe hapa chini. Ninachodai ni kwamba upuuzi wa filamu hii ni wa makusudi, na kwamba tabia yake ya kuchanganya nyakati inaifanya ifanane na kazi za watu wa Zama za Kati wenyewe kuliko zinavyofanana nazo filamu nyingi zilizojaa matope, ukungu na nyuso zilizokunjamana.

Kwa ambao hawajaitazama, kisa chenyewe ni hiki. Naiti mmoja mzee, yaani askari mpanda farasi wa tabaka la kikabaila, anafia chini ya mti kabla mashindano ya mikuki hayajaisha, na watumishi wake watatu wanabaki na njaa zao. Mmoja wao, William Thatcher, mtoto wa fundi wa kuezeka nyasi, anavaa deraya ya marehemu, anafunika uso kwa chapeo na kwenda kumalizia pambano. Kwa kuwa sheria inawaruhusu wenye nasaba bora pekee kushindana, inabidi apatikane mtu wa kumghushia hati za ukoo. Mtu huyo wanamkuta njiani, anatembea uchi wa mnyama kwa sababu kamari imemvua kila alichokuwa nacho, na bila haya yoyote anajitambulisha kuwa ni Geoffrey Chaucer, mwandishi. Ndiye Chaucer yuleyule aliyefariki mwaka 1400, ambaye vitabu vya fasihi humwita baba wa ushairi wa Kiingereza. Anaigizwa na Paul Bettany, na kwa maoni yangu ndiye anayenogesha filamu nzima.

Dakika za mwanzo zinatosha kumjulisha mtazamaji amekaribishwa kwenye shughuli ya namna gani. Watu wa karne ya 14 wamejaa kwenye majukwaa ya mbao, kisha unasikika We Will Rock You wa bendi ya Queen, wimbo wa mwaka 1977. Mtu asidhani huo ni muziki uliopachikwa juu ya picha baadaye ili kuchangamsha, kwa maana watazamaji wenyewe, wakulima na wakubwa, wanapiga makofi na kugonga mbao kwa kufuata mdundo huo, kana kwamba wimbo wanausikia. Ukishaona hivyo una mambo mawili: kuzima, au kukaa kitako na kuacha kuulizia tarehe.

Onyesho ninalolirudia zaidi ni lile la dansi. William yuko kwenye karamu kwa jina lake la bandia, Ulrich von Liechtenstein wa Gelderland, na adui yake, kabaila Adhemar, anamtega mbele ya wageni: awaonyeshe dansi ya kwao. William hajui dansi yoyote ya Gelderland. Anaanza kubuni hatua, Jocelyn, yule binti anayempenda, anaingia kumwokoa, na ala za kale zinapiga polepole kwa adabu zote za karamu. Halafu, hatua kwa hatua, sauti ya ala inabadilika bila mtu kuona ni wapi hasa imebadilika, mabega ya wachezaji yanalegea, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima unacheza Golden Years ya David Bowie. Hakuna anayeshangaa. Nimeona filamu nyingi zenye bajeti kubwa zikijaribu kuonyesha kwamba watu wa kale walikuwa vijana wenye damu moto kama sisi, na hakuna iliyofanya hivyo kwa dakika chache kama hizi, kwa sababu nyingine zote hutuonyesha dansi za kale kama gwaride la mazishi.

Sasa orodha ya makosa, ili nisionekane nimefumba macho. Uzio mrefu unaowatenganisha wapanda farasi wawili wasigongane ulianza kutumika karne ya 15, hivyo mashindano ya wakati wa Chaucer hayakuwa nao. Deraya nyingi zinazovaliwa ni za umbo la baadaye sana. Alama anayogonga mhunzi Kate kwenye chuma chake inafanana mno na ile ya viatu vya Nike, na mandhari ya London inapoonekana kwa mbali kuna gurudumu kubwa la kubembea, mzaha kuhusu lile lililofunguliwa kando ya mto Thames mwaka 2000. Chaucer anatamba kwa kitabu alichoandika kuomboleza kifo cha Blanche wa Lancaster, aliyefariki mwaka 1368. Lakini katika filamu hiyohiyo Adhemar anaitwa vitani Poitiers, vita vilivyopiganwa mwaka 1356, Chaucer akiwa bado mtoto.

Ninalolipenda kuliko yote linahusu baba yake William. Mzee huyo anaishi Cheapside, London, na kazi yake ni kuezeka mapaa kwa nyasi. Cheapside haukuwa mtaa wa mafukara. Ulikuwa soko kuu la jiji, penye maduka ya masonara na wauza vitambaa vya thamani. Isitoshe, baada ya moto mkubwa wa mwaka 1212, London ilipiga marufuku mapaa mapya ya nyasi, ikaagiza watu waezeke kwa vigae, mbao au risasi. Kwa hiyo mzee Thatcher alikuwa na ufundi uliokuwa umekatazwa kwa zaidi ya miaka 100, katika mtaa ambao asingeweza kulipa kodi ya chumba. Mpango mzima wa maisha ya familia hii hauwezekani, na bado yule mzee, aliyekwisha kupofuka, anapozungumza na mgeni bila kujua kwamba ni mwanawe, mimi huangalia pembeni ili wenzangu wasinione.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Jina la filamu limetoka kwa Chaucer, ambaye katika Hadithi za Canterbury, mkusanyiko wake wa visa vinavyosimuliwa na mahujaji, anampa naiti nafasi ya kusimulia kwanza. Kisa anachosimulia naiti huyo hakihusiani kabisa na William. Kinatokea Athens ya kale, zama za Theseus, miungu ya Kigiriki ikiwa bado inaabudiwa. Chaucer anamfanyaje Theseus? Anampa cheo cha diuki. Wafungwa wawili, Palamon na Arcite, wanapogombania msichana mmoja waliyemwona kwa dirisha la gereza, Theseus anaamua ugomvi kwa kuandaa mashindano ya manaiti, kila upande ukileta watu 100, wenye deraya na mikuki ya kisasa kwa macho ya karne ya 14. Yaani mshairi alichukua ngano ya kale, akaivika mavazi na michezo ya siku zake, akawasimulia watu wake, na hakuna aliyemlaumu. Wachoraji wa zama hizo walifanya vivyo hivyo. Mashujaa wa Troya na Aleksanda Mkuu huonekana vitabuni wakiwa na chapeo za Kifaransa. Helgeland alipowapa watu wa Zama za Kati nyimbo za ujana wa wazazi wetu, alikuwa anafanya kazi ya Chaucer kwa kanuni za Chaucer.

Karibuni tujadili, kwa hoja.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, uzi wako nimeusoma hadi mwisho na nimeufurahia, lakini mimi nafundisha Historia sekondari na nina wasiwasi ambao hujaugusa. Kosa la wazi halidanganyi mtu. Hakuna mwanafunzi wangu atakayeandika kwenye mtihani kwamba Queen walitumbuiza mbele ya wafalme. Hatari iko kwenye yale yaliyojificha nyuma ya mzaha. Ule uzio wa katikati uliouzungumzia, au ule mtaa wa Cheapside, mwanafunzi ataupokea kama ulivyo, kwa sababu akili yake imeshakubali kwamba kinachochezewa ni muziki tu. Mzaha wa mbele unakuwa pazia la uongo wa nyuma. Hilo unalijibu vipi?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, hoja yako ina uzito. Nikubaliane nawe kwanza kwamba filamu si kitabu cha kiada. Hata hivyo tuipime na filamu ya upande wa pili, inayojitambulisha kwa uso mkavu kabisa: Braveheart ya mwaka 1995, iliyopata tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Humo vita vya daraja la Stirling vya mwaka 1297 vinapiganwa uwandani, na daraja halipo. Si jambo dogo, kwa sababu Waskoti walishinda kwa sababu ya daraja: lilikuwa jembamba, Waingereza walivuka wachache wachache, na waliokwisha kuvuka wakashambuliwa kabla wenzao hawajafika. Ukiondoa daraja umeondoa maelezo yote ya ushindi, na kinachobaki ni mtu mmoja kupiga kelele kuliko wengine. Halafu William Wallace, kiongozi wa Waskoti na shujaa wa filamu hiyo, anakuwa mpenzi wa Isabella wa Ufaransa, ambaye Wallace alipouawa mwaka 1305 alikuwa msichana wa miaka kama 10, na alikuwa hajawahi kukanyaga Uingereza. Yote hayo yanasemwa kwa sauti ya huzuni ya mtu anayeapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mwanafunzi anayetoka kwenye filamu hiyo hana hata alama moja ya kumwambia aulize. Anayetoka kwenye filamu ya Helgeland amekwisha kuambiwa tangu dakika ya kwanza kwamba mwenye kusimulia ni mtani, na kwamba akitaka ukweli aende kuutafuta kwingine.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani utalipenda kwa kazi yako. Filamu hii yenyewe inahusu kughushi historia. William anaishi kwa hati za nasaba zilizotungwa na Chaucer, na siku siri inapofichuka anafungwa kwenye mkatale, watu wakimzomea. Anayemwokoa ni Edward, mwana wa mfalme, yule tunayemjua kama Black Prince. Angalia anavyomwokoa. Hasemi kwamba sheria ya nasaba ni mbaya. Anautangazia umati kwamba wanahistoria wake wamegundua kuwa kijana huyu ni wa ukoo wa kifalme wa tangu kale, na kwamba neno lake halihojiwi. Ni uongo uleule uliomtia William mkataleni, isipokuwa sasa unatoka kwenye kinywa chenye mamlaka, nao unageuka kuwa rekodi rasmi. Watawala wa zama hizo waliishi kwa maandishi ya namna hiyo. Geoffrey wa Monmouth, akiandika yapata mwaka 1136, aliwatungia wafalme wa Waingereza wa kale asili ya moja kwa moja kutoka Troya, na kwa karne kadhaa watu wenye elimu zao waliikubali. Ukiwaonyesha wanafunzi onyesho hilo moja na kuwauliza nani anaruhusiwa kughushi, nadhani kipindi kitakwisha wakiwa bado wanabishana.

Hata hilo la mtu wa ukoo wa kifalme kuingia uwanjani kwa jina la bandia, kama Edward anavyofanya katika filamu, halikutungwa Hollywood. Baba yake, Edward wa Tatu, alishindana Dunstable mwaka 1334 akijiita Sir Lyonel.

Mchangiaji wa 2

Mimi tatizo langu ni muziki na muziki tu. Filamu ikiwa na farasi na ngome nataka nisikie vinanda na tarumbeta, ile sauti nzito ya kale. Nikisikia gitaa la umeme natoka kabisa kwenye hadithi.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hiyo sauti nzito unayoiita ya kale ni changa kuliko unavyodhani. Okestra kubwa ya ala za nyuzi na za shaba, inayopiga kwa pamoja nyuma ya karibu kila filamu ya farasi na ngome, ilikua taratibu tangu karne ya 17 na kufikia ukubwa wake katika karne ya 19. Kwa mtu wa mwaka 1370, okestra ya namna hiyo na gitaa la umeme vingekuwa vigeni kwa kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba sisi tumeizoea okestra hadi tumesahau kuwa nayo haikuwepo. Ukitaka muziki wa kweli wa mashindano hayo utapata zumari kali, ngoma na tarumbeta zisizo na vali, na kwa saa mbili na robo nina hakika ungeomba Queen warudi.

Mchangiaji wa 3

Mimi yananishinda mambo mawili. La kwanza ni huyo mhunzi mwanamke. Hapo mwongozaji alikuwa anawafurahisha watu wa leo. Karne ya 14 mwanamke kufua deraya ni ndoto. La pili ni yale mapenzi. Jocelyn anamwambia William kwamba kama anampenda basi akubali kushindwa, naye anakaa juu ya farasi anapigwa mikuki kama gunia, halafu katikati ya mashindano binti anabadili amri na kumwambia sasa ashinde. Nani ana akili za kutunga kitu kama hicho?

Mchangiaji wa 4

Kuhusu mhunzi naomba nijibu mimi, maana nina mazoea ya kusoma habari za mafundi wa kale. Wajane na mama wa wahunzi kuendesha karakana halikuwa jambo geni Uingereza. Mwaka 1346, wakati mhunzi wa mfalme alipokwenda na jeshi Ufaransa, mama yake, Katherine wa Bury, alilipwa peni 8 kwa siku ili aendeleze karakana ya mfalme ndani ya Mnara wa London. Kwa hiyo Kate wa filamu, ambaye ni mjane aliyerithi kazi ya mume, yuko kwenye mstari. Ninachokitilia shaka ni yeye kubuni deraya nyepesi kiasi kile.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, Mkuu, umenirahisishia. Nibaki na la mapenzi, na jibu lake litamshangaza mchangiaji wa 3, kwa sababu onyesho hilo, ambalo kila mtu analiona kuwa la kipuuzi kuliko yote, ndilo la Zama za Kati halisi kuliko yote. Aliyelitunga ni Mfaransa Chrétien de Troyes, katika karne ya 12, ndani ya utenzi wake kuhusu Lancelot, naiti wa ngano za Mfalme Arthur. Malkia Guinevere anahudhuria mashindano, anamshuku mpiganaji mmoja asiyejulikana kuwa ni Lancelot, na ili ahakikishe anamtumia msichana na ujumbe kwamba apigane vibaya kadiri awezavyo. Lancelot anatii papo hapo. Siku nzima anakosa shabaha, anajifanya mwoga, watu wanamcheka. Siku ya pili malkia anatuma tena ujumbe uleule, na baada ya kujiridhisha anamwamuru apigane vizuri, naye anawafagia wote. Helgeland hakuongeza hata chumvi. Alichofanya ni kumpa Jocelyn nafasi ya malkia. Mtu anayeicheka sehemu hiyo kwa kuwa si ya kale anamcheka mtunzi wa kale mwenyewe.

Filamu ina vitu vingi vya aina hii vilivyofichwa kwa atakayevitafuta. Wale wadai wawili waliomvua Chaucer nguo zake kwenye kamari, mmoja ni tarishi wa mahakama ya kanisa, mwingine ni muuza msamaha wa dhambi. Chaucer anawaapia kwamba atawalipiza kwa kalamu. Anayezijua Hadithi za Canterbury anajua kwamba alilipiza kweli, maana watu wa kazi hizo mbili wamechorwa humo kwa kejeli isiyosahaulika, yule tarishi akiwa na uso wenye chunusi unaowatisha watoto. Huo ni mzaha wa msomi, na umewekwa katika filamu ambayo wasomi wanaikunjia pua. Tukumbuke pia kwamba Helgeland ni miongoni mwa waandishi wawili waliopata Oscar kwa mswada wa L.A. Confidential, si mtu aliyekosea kwa kukosa kusoma.

Vilevile kazi anayopewa Chaucer ya kumtangaza William kabla ya pambano, akipanda jukwaani na kumwaga sifa za uongo hadi umati unachemka, ina mizizi. William Marshal, aliyefariki mwaka 1219, alikuwa mtoto wa kabaila mdogo asiye na urithi, akapata jina na mali kwa kushinda mashindano. Akiwa karibu kufa alisema kwamba aliwateka manaiti 500 katika maisha yake. Alikuwa na mpiga mbiu wake, Henry le Norreis, aliyekuwa akipaza sauti kuomba Mungu amsaidie Marshal, na wapo walionung'unika kwamba umaarufu wa Marshal ulitokana na kelele za mtu huyo. Kupanda daraja kwa mkuki, kwa msaada wa msema hovyo mwenye koo zuri, kulikuwepo.

Mchangiaji wa 5

Mimi niliiona filamu hii kwenye kibanda cha video, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri wanaosimulia juu ya picha. Bwana yule aliwapa wale watumishi majina ya mtaani, akamfanya Adhemar kuwa mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi, na kila mkuki ulipovunjika alitaja mchezaji wa mpira. Hakuna aliyelalamika kuhusu uhalisia. Nilipoitazama miaka mingi baadaye kwa Kiingereza, niligundua kwamba mtafsiri wetu alikuwa ameielewa vizuri mno.

Mchangiaji wa 2

Nimerudi. La okestra nimelipokea, ingawa kwa shingo upande. Swali dogo: ile mikuki inavunjika vipi namna ile, vipande vinaruka kama mvua, bila waigizaji kufa?

Mwanzisha uzi

Mikuki ilichanjwa ili ivunjike kirahisi, na ncha zake zilitengenezwa kwa mbao laini za balsa, zikatobolewa ndani na kujazwa vipande vya balsa pamoja na tambi kavu ambazo hazijapikwa, ili zitawanyike vizuri mbele ya kamera. Kwa hiyo katika kila pigo lile la kishujaa, kinachoruka hewani ni sehemu ya chakula cha jioni. Mikuki ya kweli haikuwa na huruma hiyo. Mwaka 1559 mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alishindana Paris, mkuki wa mpinzani wake ukavunjika, na kipande kikapita kwenye kifuniko cha uso na kumwingia jichoni. Alifariki siku 10 baadaye, akiwa na matabibu bora wa Ulaya kitandani pake.

Mchangiaji wa 6

Mada nzuri sana, hongera. Hilo jina la bandia, Ulrich von Liechtenstein, lilitungwa tu au lina mwenyewe?

Mwanzisha uzi

Lina mwenyewe, Mkuu, tena mwenyewe huyo anastahili uzi wake. Ulrich von Liechtenstein alikuwa kabaila na mshairi wa Styria, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Austria, aliyeishi karne ya 13, yaani zaidi ya miaka 100 kabla ya matukio ya filamu. Yapata mwaka 1255 aliandika kwa mashairi kisa cha maisha yake mwenyewe cha kumtumikia bibi aliyempenda. Humo anasimulia kwamba mwaka 1227 alisafiri kutoka Venice kuelekea Vienna akiwa amevaa mavazi ya kike, nywele za bandia zimesukwa, akijiita mungu wa kike Venus, na kumpa changamoto kila naiti aliyekutana naye njiani. Kila aliyevunja mkuki kwake alipewa pete ya dhahabu ampelekee mpenzi wake. Anadai kwamba alivunja mikuki 307. Anasimulia pia kwamba bibi yule alipotilia shaka jeraha alilolipata kidoleni kwa ajili yake, Ulrich mwenyewe aliagiza kidole chake kikatwe, akamtumia bibi huyo pamoja na utenzi. Katikati ya safari hiyo ya kumtukuza bibi wa mtu mwingine, alisimama siku chache kwenda kupumzika kwa mkewe, na hilo analitaja bila kuona tatizo lolote.

Wataalamu wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya hayo ni chuku za mshairi. Sioni ajabu Helgeland kulichagua jina hilo kwa kijana wake mwongo. Ninachosikitika ni kwamba hakuthubutu kumvisha Heath Ledger zile nywele za kusuka.